Moyo kwanza: kisa cha mtoto mwenye sindromu ya Down katika wilaya moja ya Tanga

Kisa hiki ni cha mtoto wa kiume mwenye sindromu ya Down, aliyezaliwa mwaka 2017 katika kijiji cha pwani, mkoani Tanga. Mambo yanayoweza kuitambulisha familia nimeyaacha au kuyabadilisha. Nilimpokea mtoto huyu akiwa na miezi saba, mimi nikiwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku, na mpaka leo naonana na wazazi wake. Nakiandika kwa sababu tumezoea kusema kwamba familia za watoto hawa hazisaidiki kwa kuwa huduma hazipo. Kwa mtoto huyu karibu kila huduma aliyohitaji ilikuwepo, nyingine hapa mkoani, nyingine Dar es Salaam. Aliyekosekana ni mtu wa kumwambia mama yake aanzie wapi, na kwa nini aanzie hapo.

Kuzaliwa

Mama alikuwa na miaka 23 na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Umri wake nautaja kwa makusudi, maana hata wahudumu wa afya wengi wanaamini kwamba mtoto wa namna hii huzaliwa na mama mtu mzima tu. Ni kweli uwezekano hupanda kadiri umri unavyosogea: kwa mama wa miaka 25 ni kama mimba moja katika 1,200, kwa mama wa miaka 40 ni kama moja katika 100. Lakini wanaozaa kwa wingi ni wasichana na wanawake vijana, kwa hiyo watoto wengi wenye sindromu ya Down wana mama vijana.

Alijifungua salama kwenye kituo cha afya. Kwenye kadi yaliandikwa maneno mawili, "mtoto mlegevu", na mama akaruhusiwa kesho yake. Wa kwanza kuona kitu alikuwa mkwe wake, bibi mzaa baba, ambaye enzi zake alikuwa mkunga wa jadi. Siku ya tatu akimwogesha mjukuu aliona kiganja kina mstari mmoja unaokatiza kutoka upande mpaka upande, na kidole gumba cha mguu kimejitenga na mwenzake, nafasi ya kupitisha mkanda wa ndala. Hakusema kitu. Baadaye aliniambia kwamba watoto wawili wa aina hiyo aliwahi kuwazalisha, na wote hawakumaliza mwaka.

Kliniki ya wiki ya sita, kwenye kituo ambacho sitakitaja, muuguzi alimtazama mtoto usoni akaita wenzake wawili. Wakasemezana pembeni. Kisha mmoja akamgeukia mama: "Huyu ana mtindio wa ubongo. Usihangaike naye sana, atakuwa hivihivi." Mama akakunja kadi yake akaondoka. Hakuuliza chochote, na hakuna aliyemwomba akae.

Hapa ndipo kisa kilipoharibika, na panahitaji kuelezwa vizuri. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo wa mtoto kuumia au kutokukua sawasawa, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, na kinachoathirika zaidi ni mwendo na mkao wa mwili. Sindromu ya Down ni jambo jingine kabisa. Mtoto anakuwa na nakala tatu za kromosomu ya 21 badala ya mbili, karibu katika kila seli ya mwili (kromosomu ni nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli), jambo ambalo Jérôme Lejeune na wenzake Marthe Gautier na Raymond Turpin walilitangaza Ufaransa mwaka 1959. Kwa kuwa kromosomu hiyo ya ziada imo mwili mzima, haiathiri akili peke yake. Inagusa moyo, tezi ya thairoidi, masikio, macho, utumbo, misuli na shingo. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo. Ndiyo maana kila mtoto anayeshukiwa kuwa na sindromu hii anatakiwa apimwe moyo kwa eko, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha picha ya moyo, katika wiki zake za mwanzo, hata kama daktari akisikiliza kifua hasikii kitu.

Mtoto aliyeandikiwa mtindio wa ubongo hakuna anayemtafutia tatizo la moyo. Anapelekwa mazoezi, au haendi popote. Kwa hiyo lile neno la wiki ya sita lilimfungia mtoto huyu mlango wa kipimo kilichokuwa cha lazima kwake.

Jasho la kichwani

Nyumbani yakaanza ya nyumbani. Mtoto hanenepi, ananyonya dakika chache analala, kilio chake chembamba. Bibi, ambaye kwa kiganja alikuwa ameshajua, alikaa kimya, lakini shangazi na majirani hawakukaa kimya: mtoto amebemendwa. Nani pwani hajui maana ya tuhuma hiyo? Ni kusema kwamba baba au mama hakujizuia katika kipindi cha kunyonyesha, na mtoto ndiye anayelipa. Kwa mama wa miaka 23 anayeishi ukweni, huo ni mzigo kila anapotoka kwenda kisimani. Baba, mvuvi, alirudi baharini akawa anakaa dago, kambi ya wavuvi, wiki nzima bila kurudi. Nilipomuuliza baadaye alisema hakuwa anamkimbia mke, alikuwa anakimbia maneno.

Wakati huohuo mtoto alikuwa akionyesha dalili ambayo yeyote aliyefundishwa angeitambua. Kila akinyonya, jasho linamtiririka kichwani mpaka kanga ya mama inalowa. Ananyonya kidogo, anaachia titi, anahema, anarudi. Familia ilidhani ni joto. Mara kadhaa alipelekwa zahanati na kurudi na dawa ya nimonia, na ni kweli alikuwa anapumua haraka. Lakini nimonia inayorudi kila baada ya wiki mbili tatu kwa mtoto asiyeongezeka uzito, anayetokwa jasho akinyonya, inabidi imfanye mtu aufikirie moyo. Kunyonya ndiyo kazi ngumu kuliko zote anazofanya mtoto mchanga, na moyo uliozidiwa huonekana hapo kwanza.

Nilikutana nao kwenye huduma ya mkoba, pale wahudumu tunapowafuata watu vijijini. Mama alikuwa ameambiwa kuna mtu wa mazoezi anakuja kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Alimfungua mtoto mgongoni akamlaza kwenye mkeka: macho yaliyoinuka kwa nje, kisogo bapa, mwili mlaini, miguu imeanguka pande mbili. Na mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Alikuwa na kilo 4.6. Tukahesabu pumzi kwa dakika nzima, mama ameshika saa ya simu: 64. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, kuanzia 50 ni haraka. Siku hiyo hakuna zoezi hata moja lililofanyika. Tuliandika rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, na kwenye sababu ya rufaa tukaweka mambo mawili yaliyo wazi: anashukiwa kuwa na sindromu ya Down, anashukiwa moyo kushindwa kufanya kazi.

Nasisitiza hili kwa wenzangu wa fani yangu na wa fiziotherapia, kwa sababu sisi ndio mara nyingi tunaopokea watoto hawa kabla ya daktari wa watoto. Mtoto mlegevu anakuvuta uanze kumsimamisha na kumkalisha. Mtoto mwenye tundu kubwa la moyo ukimchosha unamwongezea shida. Moyo kwanza, mengine yanangoja.

Daktari aliyekaa chini

Pale mkoani daktari wa watoto alifanya jambo ambalo familia hulitaja hadi leo kuliko hata upasuaji. Aliagiza baba apigiwe simu aje. Baba alipofika siku ya pili, daktari aliwaketisha wote wawili pamoja na bibi, akamchukua mtoto akampakata yeye mwenyewe, akamwita kwa jina lake, akawapa hongera ya kupata mtoto. Ndiyo ilikuwa hongera ya kwanza kutoka kwa mtu wa hospitali. Kisha akawaambia moja kwa moja anachokishuku, akataja dalili akizionyesha mwilini mwa mtoto, akaeleza kwamba kromosomu ya ziada mara nyingi huingia wakati yai linatengenezwa, kabla hata mimba haijatunga, na kwamba hakuna chakula, kazi, ugomvi wala tendo la ndoa linaloileta.

Bibi ndiye aliyemaliza hoja ya kubemendwa, tena kwa ushahidi wake. "Daktari," alisema, "ule mstari wa kiganjani niliuona siku ya tatu. Na kubemendwa kunakuja mtoto akishazaliwa. Kwa hiyo hawa watoto wamesingiziwa." Akawageukia mwanawe na mkwewe akawaomba radhi kwa kunyamaza. Aliporudi kijijini alilisema hilohilo kwa shangazi, na lililosemwa na bibi halikuwa na wa kulijibu. Hakuna semina yangu yoyote ingefanya kazi hiyo. Tangu hapo nimejifunza kumtafuta mwenye neno ndani ya nyumba mapema, hata akiwa ndiye niliyemdhania kikwazo.

Kipimo cha kromosomu hakikufanyika. Hospitali za mikoa nyingi hazina, na kwa alama zilizokuwepo daktari hakuwa na shaka. Niliwaeleza wazazi faida iliyobaki ya kipimo hicho: kinaonyesha kama kromosomu ya ziada iko peke yake, ndivyo ilivyo kwa takriban asilimia 95 ya watoto hawa, au imegandana na nyingine, hali inayotokea kwa asilimia 3 au 4. Hii ya pili huweza kurithiwa, na hapo wazazi wanahitaji kupimwa wao kabla ya mimba nyingine. Ile ya kawaida hujirudia kwa nadra, kama mimba moja katika 100. Walichagua kutumaini ile ya kawaida. Miaka mitatu baadaye walipata binti asiye na hali hii.

Dar es Salaam

Eko ilifanyika kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyopo ndani ya eneo la Muhimbili. Ilionyesha tundu kubwa katikati ya moyo linalounganisha vyumba vya juu na vya chini, na vali moja ya pamoja (vali ni mlango wa damu ndani ya moyo) mahali panapotakiwa vali mbili. Kasoro hii ndiyo iliyozoeleka zaidi kwa watoto wenye sindromu ya Down. Damu inayotakiwa kwenda mwilini inarudi mapafuni, mapafu yanafurika, na mishipa yake inaanza kuwa migumu kujikinga na shinikizo. Ikishakuwa migumu kabisa, kuziba tundu kunakuwa hatari kuliko kuliacha, na mtoto anaambiwa muda umepita. Kwa watoto wenye sindromu ya Down hali hiyo hufika mapema zaidi, na ndiyo sababu ya kulenga upasuaji kabla ya miezi sita. Huyu alikuwa na miezi minane. Madaktari walipima shinikizo la mapafu, wakasema limepanda lakini bado anaweza kufanyiwa upasuaji. Alianzishiwa dawa za kuupunguzia moyo mzigo, furosemaidi na kaptoprili, na mama akafundishwa kukamua maziwa ampe kwa kikombe kila baada ya saa mbili hadi tatu badala ya kungoja alie, kwa sababu watoto hawa hulala wakiwa na njaa.

Fedha. Wasomaji wengi wataruka hadi hapa, na wako sahihi. Wakati ule Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa ukitoa Toto Afya Kadi, mtoto mmoja Sh 50,400 kwa mwaka. Kwa familia ya mvuvi na muuza vitumbua hiyo ni fedha ya kutafuta lakini inapatikana. Mama alikuwa kwenye mchezo wa wanawake kumi na wawili pale kijijini, wanaochanga na kupokeana kwa zamu. Kijumbe, anayeusimamia, akaitisha kikao, wakamwachia zamu ambayo haikuwa yake. Kadi ikalipwa hapo, na nauli ikabaki. Malazi ya Dar es Salaam yalikuwa kwa binamu wa baba, Mbagala, chumba kimoja. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya aliandika barua ya kuitambulisha familia ambayo ilisaidia kila dirisha walilopita. Watu wengi hawajui kwamba ofisi ya ustawi wa jamii ndiyo ya kwanza kwenda kama huna uwezo, na iko katika kila halmashauri na hospitali kubwa.

Upasuaji ulifanyika akiwa na miezi kumi na kidogo. Siku za chumba cha uangalizi maalumu zilikuwa ngumu na sitazisimulia. Mama ana haki ya kuzisimulia mwenyewe akitaka. Alitoka na kovu la kifua na hamu ya kula ambayo hakuwahi kuwa nayo. Ndani ya miezi mitatu aliongeza karibu kilo mbili.

Huko Marekani, mwaka 1983, wastani wa umri wa kuishi kwa mtu mwenye sindromu ya Down ulikuwa miaka 25. Leo unakaribia 60. Upasuaji wa moyo, pamoja na kuacha tabia ya kuwafungia watoto hawa kwenye taasisi zilizowanyima matibabu, ndivyo vilivyochangia sana. Watoto wawili ambao bibi aliwazalisha zamani hawakufa eti kwa kuwa watoto wa namna hiyo hawawezi kuishi.

Kumlea

Baada ya moyo, mazoezi yakaanza, na sehemu kubwa yalifanyika nyumbani kwa vitu vilivyokuwepo. Kanga mbili zilizokunjwa ngumu ziliwekwa kila upande wa mapaja alipolala ili miguu isianguke nje. Alikalishwa ndani ya beseni lililotandikwa nguo, mikono mbele, vifuniko vya chupa vikiwa mbali kidogo ili avifuate. Bibi alimfundisha kunywa kwa kikombe cha uji huku akimshika kidevu kwa kidole kimoja chini na kingine pembeni, namna ya kuufunga mdomo. Alikaa akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Alitembea akiwa na miaka miwili na miezi saba, na hiyo ni ndani ya kawaida ya watoto hawa. Wengi hutembea kati ya mwaka mmoja na nusu na mitatu. Mama alihitaji kuambiwa hilo mapema, kwa sababu alikuwa akimpima kwa mtoto wa jirani.

Msaada ambao mimi nisingeweza kuutoa ulitoka kwa mama mwingine. Machi 2019 tulikutanisha familia chache mjini Tanga, siku ya 21, ambayo Umoja wa Mataifa umeitambua kuwa Siku ya Sindromu ya Down Duniani tangu 2012. Tarehe 21 mwezi wa 3, kwa nakala tatu za kromosomu ya 21. Hotuba zilikuwepo na sizikumbuki. Ninachokikumbuka ni binti wa miaka 14 mwenye hali hiyo aliyekuja na mama yake na kupewa kazi ya chai. Aliwasha jiko la mkaa, akapanga vikombe, akauliza kila mtu sukari vijiko vingapi kwa kunyoosha vidole, akapokea noti ya elfu tano kutoka kwa mtu aliyemtuma soda na kurudisha chenji kamili. Mama wa mtoto wetu alimfuata kwa macho saa nzima. Kisha alikwenda kuketi karibu na mama wa binti, akamwamkia, "Shikamoo mama," na hawakuachana mpaka jioni. Aliyoyauliza hakuniuliza mimi kamwe: binti anajisitirije siku zake za mwezi, baba yake alichukua muda gani kumpakata mbele za watu, ulilia mpaka lini. Walipeana namba. Leo kuna kundi la WhatsApp la familia hizo, na wanatumiana sauti kwa Kiswahili, kwa sababu karibu maelezo yote yaliyoandikwa kuhusu sindromu hii yako kwa Kiingereza.

Nikipewa fedha kidogo na kuambiwa nichague kati ya kuchapisha vipeperushi na kulipa nauli za mama mmoja kumtembelea mama mwenzake aliyejifungua juzi, nitalipa nauli.

Masikio yalichelewa. Akiwa na miaka minne alikuwa na maneno sita, na wengi walishasema ndivyo akili yake ilivyo. Lakini alikuwa akigeuka ukiigusa meza, na hageuki ukimwita nyuma. Daktari wa masikio, pua na koo alikuta maji mazito nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili. Mirija ya sikio kwa watoto hawa ni myembamba na maji hukwama kwa urahisi. Hadi robo tatu yao hupata upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Yalitibiwa. Tukaanza pia kutumia ishara za mikono pamoja na neno: maji, bado, njoo, nimeshiba, choo. Baba alihofia kwamba ishara zitamfanya mvivu wa kuongea. Kinyume chake ndicho huonekana, kwa sababu watoto hawa huelewa mengi kuliko wanayoweza kutamka, na jicho lao hushika kuliko sikio. Ukipunguza hasira ya kutoeleweka, neno hupata nafasi. Kwa mwaka mmoja maneno yalizidi arobaini.

Tezi ya thairoidi hupimwa kwa damu kila mwaka, maana ikipungua mtoto hulegea, hupata choo kigumu na ngozi kavu, na watu husema tu ndiyo hali yake. Ya kwake iko sawa hadi sasa.

Shule, na kilichobaki

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na ikaweka Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Haya mama hakuyajua, wala hakupaswa kuyajua ili mwanawe aandikishwe. Shule ya kwanza ilimwambia arudi mtoto "akiwa tayari". Tulikwenda naye kwa afisa elimu maalumu wa wilaya, naye akatuelekeza kwenye shule ya msingi yenye kitengo maalumu. Alianza mwaka 2024 akiwa na miaka saba. Mwalimu wake amesomea elimu maalumu, ana watoto wa ulemavu wa aina nyingi chumba kimoja, na anajitahidi kuliko tunavyomlipa. Amemfundisha kusoma kwa neno zima likiwa na picha, kwa kuanza na majina ya watu wa nyumbani kwake, badala ya kumkwamisha kwenye ba, be, bi. Njia hiyo inawafaa watoto hawa. Tulimwomba jambo moja la usalama: asiruhusiwe kupiga sarakasi na kubinuka, kwa kuwa kiungo cha juu cha shingo huweza kulegea, na akianza kutembea ovyo au kushindwa kubana mkojo ghafla aletwe hospitali siku hiyohiyo.

Jambo jingine mama alilianzisha mwenyewe. Amemfundisha majina halisi ya viungo vyake vyote, nani anaruhusiwa kumwogesha, na ishara ya "sitaki" inayofanywa kwa mkono na sauti pamoja. Wazazi wengi huogopa kuligusa, na watoto wenye ulemavu wa akili ndio wanaodhuriwa zaidi kwa kuwa wadhalimu wanategemea hawatasema, au wakisema hawatasadikiwa. Namsifu kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Shule iko mbali. Anakwenda na bodaboda ya kijana wa jirani, na gharama hiyo ya kila siku ndiyo inayoitikisa nyumba kuliko dawa yoyote. Mama na wenzake walipata mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambao wanawake hutengewa 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Wakanunua majiko mawili na unga wa jumla. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata, na katikati hapo walirudi kwenye mchezo wao. Mwaka huohuo wa 2023 ndipo usajili wa mtoto mmojammoja kwa Toto Afya Kadi uliposimamishwa. Mtoto alikaa bila bima akiwa na miadi ya moyo ya kila mwaka, na miadi ile ililipwa kwa samaki. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka huohuo. Kipimo chake kwangu kitakuwa mtoto kama huyu: je, anayejulikana tangu siku ya kuzaliwa kwamba atahitaji daktari wa moyo, wa masikio na wa tezi maisha yake yote, ataingia bila mzazi kuomba barua?

Tukirudi nyuma, wiki ya sita ndiyo iliyogharimu. Muuguzi yule hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na karatasi. Tangu kisa hiki, mimi na daktari wa watoto wa mkoa tumeandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili na kuugawa kwenye vituo vya wilaya yetu. Juu kuna picha ya kiganja, ya mguu na ya uso. Chini yake maelekezo: mpe mama hongera, mweke na mtu wake, usitaje jina la ugonjwa ambao huna hakika nao, hesabu pumzi, mtazame akinyonya, mpe rufaa ya eko kabla ya miezi mitatu hata kama anaonekana mzima, mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii, na mpe namba ya mama mwenzake aliyekubali kupigiwa. Mwaka jana kituo kimoja kilituletea mtoto wa siku kumi na tisa akiwa na ukurasa huo umekunjwa ndani ya kadi. Eko yake ilionyesha tundu dogo ambalo linafuatiliwa tu.

Mvulana wetu sasa yuko darasa la pili la kitengo. Miadi yake ya moyo inafuata, masikio yanahitaji kupimwa tena kwa kuwa mwalimu anasema ameanza kuuliza "nini?" kila mara, na kipimo cha macho hakijafanyika, nacho kimepitiliza. Baba ameniuliza atafanya kazi gani akikua, na nani atakaa naye wao wakiondoka. La kwanza tumeanza kulijibu kwa kumpeleka bandarini Jumamosi kupanga makreti ya samaki kwa ukubwa, kazi anayoipenda na anayoifanya bila kukosea. La pili watalipeleka kwenye kikao cha ukoo mwezi ujao, na bibi ameomba nihudhurie.